Kumtoa nyumbani mtoto mtu mzima anayempiga mamake: ilani ya miezi mitatu au amri ya ulinzi?

Msaidizi_Kisauni aliuliza:

Salaam wote. Nauliza kwa niaba ya familia moja iliyofika kwenye dawati letu la msaada wa sheria hapa Mombasa. Nitaeleza yale tu yanayohusu sheria.

Mama ni mjane wa miaka 67. Nyumba ina vyumba vinne na chumba kimoja cha uani, na hatimiliki iko kwa jina lake peke yake. Ploti aliinunua mwenyewe mwaka 2003, mumewe akiwa ameshafariki, kwa hivyo si urithi. Mwanawe wa kiume ana miaka 34 na amekaa chumba cha uani tangu 2019. Hana mkataba na halipi chochote. Anatumia unga (heroini). Ameshauza mtungi wa gesi, televisheni na mabati ya jikoni. Amempiga mamake mara mbili, na mara ya pili alimvunja kidole. Kadi ya hospitali ipo, ila polisi hawakuambiwa. Mke alishaondoka na watoto. Dada mtu anaishi hapo hapo na mama.

Ukoo umekaa kikao mara mbili. Chifu aliandika barua akampa kijana siku saba ahame. Siku saba zikaisha, hajang'oka. Sasa chifu anasema dawa ni ilani ya miezi mitatu chini ya Sheria ya Ardhi. Vijana wa mtaa nao wanasema wapewe ruhusa tu, wamtoe usiku mmoja na kufuli libadilishwe.

Ninachotaka kujua: ilani hiyo ni lazima itangulie? Barua ya chifu ina uzito gani? Akishatoka, nini kinamzuia kurudi? Na mama amesema wazi kwamba hataki mwanawe afungwe.

---

Wakili_wa_Bandarini alijibu:

Chifu amewaonyesha mlango halali, ila si huo mnaouhitaji wa kwanza.

Ilani anayoisema ipo kweli. Iliingizwa kwenye Sheria ya Ardhi kwa marekebisho ya 2016, kifungu cha 152E: mwenye ardhi ya kibinafsi akiona mtu anaikalia bila idhini yake, humpa ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya siku ya kumwondoa. Hiyo ni njia ya kudai nyumba. Haikutungwa kwa ajili ya mama aliyevunjwa kidole, na miezi mitatu ya kulala ua mmoja na aliyekuvunja kidole ni mirefu mno. Ilani yenyewe haimkatazi kumpiga mamake usiku ule ule aliopokea karatasi.

Njia ya usalama ni Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Wengi wanaidhani ni ya mke na mume tu. Sivyo. Uhusiano wa kifamilia unaotajwa humo unamfikia mtoto, awe mdogo au mtu mzima, na ndugu pia. Ukatili nao si ngumi peke yake: vitisho, matusi ya kila siku, kuharibu mali na kumbana mtu kiuchumi vyote vimo. Televisheni na mabati yaliyouzwa, kwa hiyo, ni sehemu ya ombi lenu. Msiyaache nje kwa kudhani ni mambo madogo ya wizi wa nyumbani.

Mahakama ya hakimu, kupitia amri ya ulinzi, inaweza kumpa mama haki ya kukaa nyumba hiyo peke yake na kumtoa kijana. Na hapa ndipo wengi hushangaa: amri hiyo haiangalii nyumba ni ya nani. Hata kama nyumba ingekuwa ya kijana mwenyewe, au yao wote wawili, mahakama bado inaweza kumtoa kwa sababu ya usalama. Kama kuna hatari ya kuumia iwapo mtasubiri, hakimu anaweza kutoa amri ya muda bila kumsikiliza kijana kwanza, halafu naye aitwe kujieleza siku nyingine.

Ombi likiandikwa kwa ulegevu, amri itatoka legevu vile vile. Kosa ninaloliona sana ni kuomba tu kwamba "mjibu ombi azuiwe kumsumbua mleta ombi". Hakimu anakubali, karatasi inapigwa muhuri, na kijana anabaki uani kihalali kabisa, maana hakuna aliyeomba atoke. Ombeni kila kitu kwa jina lake: asimpige wala kumtisha mama na dada, atoke na asirudi kwenye ploti nambari fulani, nyumba kubwa, chumba cha uani, choo na uwanja, asiwafuate sokoni, msikitini au kanisani, wala kwa simu, asichukue wala kuuza kitu cha nyumbani, aruhusiwe kuchukua nguo na vitu vyake mara moja tu, akiwa na polisi, na mkuu wa kituo cha polisi, kituo kikitajwa kwa jina, asimamie utekelezaji. Usipotaja kituo, kila kituo kitawatuma kwa kingine.

Dada naye anaishi hapo, basi awe mleta ombi wa pili. Mama akishindwa kufika kwa maradhi au kwa hofu, sheria inaruhusu mtu mwingine kuomba kwa niaba yake, mradi sababu ielezwe.

Barua ya chifu: chifu hana mamlaka ya kumhamisha mtu kwenye nyumba, iwe kwa siku saba au sabini. Lakini msiitupe. Ni ushahidi kwamba malalamiko hayakuzuka jana na kwamba njia ya mazungumzo ilijaribiwa.

Vijana wa mtaa waambieni hapana, na mueleze kwa nini. Mtu aliyekaa mahali tangu 2019 kwa idhini ya mwenye nyumba akitolewa kwa nguvu bila amri, yeye ndiye anayekuwa mlalamishi. Atapiga ripoti ya kushambuliwa. Simu yake au pesa zikipotea kwenye purukushani, na waliomvamia ni zaidi ya mmoja, shtaka linaweza kuandikwa wizi wa mabavu. Hilo nalo si shtaka la kwenda kulipia faini mkarudi nyumbani. Kumkatia maji na umeme ni njia ile ile iliyovaa kanzu.

---

Stempu_na_Wino alijibu:

Naongezea upande wa karatasi, maana sheria nzuri hufia kwenye sajili.

Anzeni polisi hata kama kipigo ni cha zamani. Mama na dada waende kituoni, waombe dawati la jinsia, waandikishe yote na waondoke na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) iliyoandikwa, si ya kukariri kichwani. Waombe fomu ya P3 ya jeraha la kidole. Fomu hiyo hutolewa bure. Daktari ataijaza kwa kutumia kadi ya hospitali na kuonyesha jeraha lina umri gani. Yeye ndiye anayeandika kiwango cha jeraha, na kiwango hicho ndicho kinachoamua uzito wa shtaka likija kufunguliwa. Kama askari wa zamu atasema "haya ni mambo ya familia, mkayamalize nyumbani", mwambieni kwa upole kwamba sheria ya 2015 inamwekea polisi wajibu wa kumweleza mlalamishi hatua anazoweza kuchukua, kisha mwombe kumwona mkuu wa kituo.

Karatasi za mahakama zenyewe ni tatu: ombi, hati ya dharura, na kiapo cha mama (dada naye aape chake). Hati ya dharura ieleze kwa nini jambo haliwezi kungoja wiki tatu. Hakuna haja ya kusimulia maisha yote ya kijana tangu shule ya msingi. Tarehe mbili za kipigo, kitisho cha karibuni kabisa, na ukweli kwamba wanalala ua mmoja, vinatosha.

Kiapo ndicho kinachobeba mzigo. Kila tukio liwe na tarehe, au angalau mwezi na mwaka, mahali, nani alishuhudia, na maneno aliyotamka. "Ananitisha kila mara" ni hewa. "Tarehe fulani, saa mbili usiku, mlangoni pa jikoni, alishika panga akasema atanikata" hiyo hakimu ataipigia mstari. Vitu vilivyouzwa viorodheshwe pamoja na thamani na, kama ipo, risiti ya kununulia. Picha za kidole na za jikoni lililoezuliwa zichapishwe. Kila kiambatisho kipewe alama na kigongwe muhuri na kamishna wa viapo. Kiambatisho kisicho na muhuri hupingwa na wakili wa upande wa pili kabla hata ya mama kukaa kitini.

Lugha isiwatishe. Katika mahakama za chini lugha ni Kiingereza au Kiswahili, na mama anaweza kuapa kwa Kiswahili chake. Kama hasomi, kiapo kiandikwe chini kwamba alisomewa kwa lugha anayoifahamu, akaonyesha kuelewa, ndipo akatia kidole gumba mbele ya kamishna. Sentensi hiyo moja ikikosekana, kiapo kizima kinaweza kutupwa. Na kama kile kidole kilichovunjwa ndicho cha kutia alama, atumie kingine na iandikwe hivyo.

Kufungua kesi siku hizi ni kwa mtandao wa Mahakama. Skani isomeke. Karatasi iliyopigwa picha kwa simu chini ya taa ya kibatari hurudishwa.

Amri ikitoka, kazi iko nusu. Lazima imfikie kijana mkononi, na aliyempelekea aape kiapo cha kuthibitisha: siku, saa, mahali, alivyomtambua, na kama alikataa kutia sahihi. Nakala nyingine ipelekwe kituoni na mpokeaji apige muhuri kwenye nakala yenu. Mama abaki na nakala iliyothibitishwa nyumbani na picha yake kwenye simu ya dada. Saa nane usiku askari akifika, ataomba kuona karatasi, si kusikia habari zake.

---

Msaidizi_Kisauni:

Shukrani nyingi, mmenifungua macho. Mambo mawili yamebaki. Mama anarudia kwamba hataki mtoto afungwe, na anaogopa neno "mahakama" lenyewe. Pia wajomba wanasema mtoto wa kiume hafukuzwi kwenye ardhi ya mzazi, kwamba ana haki yake hata kama mzazi yu hai. Kuna ukweli?

---

Wakili_wa_Bandarini:

La kufungwa kwanza. Amri ya ulinzi si kesi ya jinai. Kijana hashtakiwi na hapati rekodi. Jela inaingia akiivunja tu, na hapo adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Mwambieni mama kwa maneno hayo hayo: ufunguo wa jela uko mfukoni mwa mtoto mwenyewe.

Cha kumtahadharisha ni kinyume chake. Kipigo kikifunguliwa kama kesi ya jinai peke yake bila amri ya ulinzi, mara nyingi mambo huenda hivi: kijana anakamatwa, anapewa dhamana, anarudi kulala kule kule uani akiwa na hasira, ukoo unamwendea mama, mama anaondoa malalamiko, faili linafungwa. Ikitokea kesi ya jinai ipo, upande wa mashtaka uombe sharti la dhamana kwamba asikae wala asifike kwenye nyumba hiyo. Ipo pia njia ndogo ya kumfungisha dhamana ya kudumisha amani kwa hadi mwaka mmoja, chini ya kifungu cha 43 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Inafaa kwa anayetisha lakini hajagusa. Kwenu imechelewa.

La wajomba namwachia anayeijua ardhi ya ukoo zaidi yangu.

---

Nyayo_za_Mlimani alijibu:

Wajomba wana nusu ya ukweli, nusu ambayo haiwahusu.

Kuna kesi ya Mbui Mukangu dhidi ya Gerald Mutwiri Mbui, Mahakama ya Rufaa, 2004. Baba alitaka kumtoa mwanawe kwenye shamba lililosajiliwa kwa jina la baba. Baba alishindwa, kwa sababu shamba lilikuwa limeshuka kutoka kwa babu na mwana alikuwa akilikalia. Mahakama ikasema baba ameshika ile hati kama amana kwa ajili ya familia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, iliikomaza hoja hiyo ya amana ya kimila na kueleza vigezo vyake: ardhi iwe ya ukoo au ya jamii kabla ya kusajiliwa, anayedai awe wa ukoo huo na uhusiano wake usiwe wa mbali mno wala wa kubahatisha, na anayedaiwa awe ameisajili kwa nafasi yake ndani ya ukoo.

Upande wa pili kuna kesi ya Marigi, pia ya Mahakama ya Rufaa, miaka ya 1990. Humo mzazi aliye hai hakulazimishwa kuwagawia watoto ardhi yake. Akipenda agawe, asipopenda wangoje.

Kwa mama huyu swali ni moja: ploti ilitoka wapi? Alinunua mwenyewe 2003. Basi amana ya kimila haina pa kushika. Lakini msidhani hatimiliki pekee itanyamazisha hoja hiyo, maana hata wale wengine walikuwa na hati. Tafuteni mkataba wa mauziano, risiti za benki au stakabadhi ya muuzaji, na cheti cha kifo cha mume kinachoonyesha alifariki kabla ya ununuzi. Fanyeni pia upekuzi rasmi wa ardhi. Isije ikawa kuna zuio lililoandikishwa na jamaa mwingine bila mama kujua.

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Meru, Kirinyaga au Kakamega, na shamba ni la babu: msinakili mambo ya Kisauni mkayapeleka kwenu. Kwenye dai la kumtoa kwa njia ya ardhi mtakutana na amana, na mnaweza kushindwa. Kwenye amri ya ulinzi bado mko salama, kwa sababu aliyoieleza wakili.

Kadhalika kama nyumba iko kwa jina la marehemu baba na mirathi haijafunguliwa. Hapo mama si mwenye nyumba peke yake. Kwa Waislamu, mjane mwenye watoto ana thumni yake (moja ya nane), na watoto wanagawana kilichobaki, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Kijana mla unga ni mrithi kama wengine. Humtoi kama mvamizi. Unamtoa kama mtu hatari, na fungu lake linabaki lake hadi mirathi igawanywe.

Na Mombasa mna jambo lenu la nyumba isiyo na ardhi, ambapo ukuta na paa ni vya mtu mmoja na udongo ni wa mwingine. Hapo hakuna hatimiliki ya kuonyesha. Leteni mkataba wa kununua nyumba na risiti za kodi ya ardhi mnazomlipa mwenye ploti.

---

Dawa_na_Subira alijibu:

Naona mmemtoa kijana vizuri kwenye karatasi, ila hamjasema atatoka akiwa katika hali gani.

Mtumiaji wa heroini akikosa dozi, arosto huanza ndani ya saa chache na hufika kileleni siku ya kwanza hadi ya tatu: kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, kukosa usingizi. Akipelekewa amri na kutolewa bila mpango wowote, siku hizo tatu ndizo atakazorudi mlangoni, na atarudi akiwa tayari kufanya lolote apate shilingi mia mbili. Kwa hiyo panga kliniki kabla ya kupanga polisi. Pwani kuna kliniki za methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, huko Kisauni, Malindi na Kombani. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kuingizwa kunaanza na uchunguzi. Si duka la kuingia ukachukua chupa ukaondoka. Mara nyingi njia ya haraka ni kupitia mashirika yanayofanya kazi na watumiaji mitaani, wanaojua nani wa kumwona na siku gani.

Kwa nguvu je? Tangu marekebisho ya 2022, Sheria ya Afya ya Akili inamhesabu aliyegunduliwa na mtaalamu wa afya ya akili kuwa na uraibu wa pombe au dawa miongoni mwa wagonjwa wa akili. Jamaa wa karibu anaweza kuomba alazwe bila hiari yake, lakini uamuzi unapita kwa wataalamu wa hospitali, na hutolewa kwa mgonjwa aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Mombasa, wodi ya akili iko Port Reitz. Njia hii inafaa akiwa anaona vitu visivyokuwepo, anataka kujidhuru, au amepoteza fahamu za mambo. Kwa kijana anayejua anachofanya na anauza mabati kwa bei aliyoipatana, madaktari wanaweza kumrudisha nyumbani jioni ile ile. Msiijenge mipango yote juu yake.

Na jihadharini na vituo vya kurekebisha tabia vinavyotuma gari usiku na wanaume wanne wamfunge kamba. Ulizeni leseni ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na muione kwa macho. Kumteka mtu mzima ni kosa hata kama aliyeomba atekwe ni mamake.

Jambo la mwisho, ambalo mahakama huwa hailiwazi: akikaa rumande wiki kadhaa bila dawa, mwili hupoteza uzoevu. Akitoka akajidunga kipimo chake cha zamani, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Anayempokea aambiwe hivyo.

---

Stempu_na_Wino:

Hilo la Dawa_na_Subira liingie kwenye kiapo pia. Mama akisema "nimempangia nafasi kliniki na kakake wa Likoni amekubali kumpa pa kulala", hakimu hasiti sana kumtoa, kwa sababu hamtupi barabarani.

---

Msaidizi_Kisauni:

Kaka mkubwa Likoni yupo kweli, nitamwuliza. Je, baada ya amri ya ulinzi bado tunahitaji ile ilani ya miezi mitatu? Na siku ya kumtoa ifanyweje?

---

Wakili_wa_Bandarini:

Ndiyo, na ianze wiki hii hii. Amri ya muda inashikilia hali kwa sasa. Msipofika mahakamani tarehe iliyoandikwa, inaweza kufa kimya kimya. Njia ya ardhi inamaliza kabisa swali la kama ana ruhusa ya kukaa pale. Zikienda sambamba, miezi mitatu itakuwa inahesabika huku mama akilala salama.

Mpaka leo kijana anakaa kwa hisani ya mama. Hisani hiyo lazima mwenyewe aiondoe kwa maandishi, si chifu wala dada. Barua iseme: niliruhusu ukae chumba cha uani tangu 2019, nimeondoa ruhusa hiyo, uwe umetoka ifikapo tarehe fulani, ambayo isipungue miezi mitatu tangu siku uliyopokea. Itajwe ploti. Nakala ziende kwa naibu kamishna wa kaunti wa eneo na kwa mkuu wa polisi wa eneo zima, si wa kituo tu. Hapa ndipo ilani nyingi za kienyeji huanguka: mwenye nyumba anampa mkaaji karatasi na kusahau hizo nakala mbili.

Miezi ikiisha na bado anadai haki, mnafungua kesi ya kumwondoa. Mahakama ya hakimu inaweza kuisikiliza, mradi hakimu awe ameidhinishwa kwa kesi za ardhi na thamani ya nyumba iwe ndani ya mipaka yake: hakimu mkazi hadi shilingi milioni 5, hakimu mkuu hadi milioni 20. Ikizidi hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mkishinda, anayetekeleza ni dalali wa mahakama mwenye leseni akisaidiwa na polisi, na ada yake huanza kulipwa na nyinyi.

Mitego miwili. Mama asipokee hata shilingi mia tano kutoka kwa kijana kwa jina la kodi, maana kesho atajiita mpangaji na ubishi utahamia kwingine. Na akishaondoa ruhusa, asilale miaka. Anayekaa kwa ruhusa hawezi kudai ardhi kwa kukalia muda mrefu, ila ruhusa ikishaondolewa, ile miaka 12 ya sheria ya ukomo wa madai huanza kuhesabika.

Siku ya kumtoa: asubuhi, siku ya kazi, ili kituo, kliniki na sajili vyote viwe wazi. Mama asiwepo, mtu ampeleke kwa jirani mapema. Dada awepo na shahidi mmoja mtulivu, na wale vijana wa mtaa wasionekane kabisa. Askari asome amri kwa sauti. Vitu vya kijana viorodheshwe kimoja kimoja: nguo, simu, kitambulisho, dawa kama anazo, godoro. Waliopo watie sahihi, yeye naye akikubali. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa. Msizuie kitambulisho chake kama dhamana ya televisheni. Hilo ni kosa jipya, na kliniki nayo itakihitaji kumsajili. Kaka wa Likoni amngoje barabarani, si ndani ya ua. Kufuli la uani na la lango yabadilishwe kabla askari hawajaondoka, na tundu la ukuta wa nyuma, kama lipo, lizibwe siku hiyo hiyo, maana ndilo atakaloanza nalo.

Baadaye mama mwenyewe atataka kumfungulia. Amri haifutwi na huruma yake; kuibadilisha ni kurudi kwa hakimu. Lakini akimkaribisha mara tatu, mara ya nne polisi hawatakuja mbio. Akitaka kumlisha, chakula kipelekwe Likoni na dada, kisitolewe mlangoni.